Kazi Nyepesi

Yako maneno mawili ambayo, ningekuwa na uwezo, ningeyafuta katika vinywa vya waajiri, vya waganga na hata vya ndugu zetu wa nyumbani. Maneno hayo ni "kazi nyepesi". Fundi aliyeinama juu ya cherehani tangu asubuhi mpaka magharibi huambiwa kazi yake nyepesi. Msusi aliyesimama saa sita mfululizo, mikono i juu, akigawa nywele za mteja fungu kwa fungu, kazi yake nayo nyepesi. Karani aliye mbele ya kompyuta, katibu muhtasi, mwalimu anayesahihisha madaftari ya watoto mia, wote hao ni watu wa kazi nyepesi, kwa kuwa hawabebi magunia na jasho haliwatiririki. Na mmoja wao akilalamika kwamba shingo imekakamaa na mabega yanawaka moto, jibu lipo tayari: wewe unaumwa nini, nawe huinui hata kilo mbili?

Wahenga walikwisha kuliona jambo hili, wakasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini katika insha hii sitaki kuishia kwenye methali, maana methali haijapata kumshinda msimamizi wa kiwanda, wala haijampa mtu hata siku moja ya mapumziko ya ugonjwa. Nataka kusema jambo moja, kisha nilitetee. Maumivu ya shingo na mabega yaletwayo na kazi yana mabadiliko yake katika nyama ya mwili, mabadiliko yanayoonekana kwa hadubini na kupimika kwa vipimo. Na kinachoyaleta ni kukosa pumziko, hata pale ambapo uzito ni mdogo. Anayeyaita uvivu, uzee, upepo au mawazo anamdhulumu mgonjwa mara mbili: kwanza kwa kazi, pili kwa kauli.

Naandika nikiwa mtu wa kazi hiyo hiyo. Nilianza kupiga chapa mwaka 1981 na nikastaafu mwaka 2016 nikiwa katibu muhtasi. Nimepitia mashine za mkono zenye vitufe vya kukandamiza kwa nguvu, nimekata stensili, nikaja mashine za umeme, nikamalizia kwenye kompyuta. Kila mashine mpya ilipoletwa tuliambiwa sasa kazi imekuwa nyepesi zaidi, na kila mara mabega yetu yalizidi kuuma. Zamani ulikuwa ukifika mwisho wa mstari unarudisha gari la mashine kwa mkono, karatasi ikiisha unatia nyingine, ukikosea unafuta. Mkono ulikuwa na safari zake ndogo ndogo. Kompyuta ilipofika safari hizo zikaondoka, mkono ukabaki pale pale, na bega likabaki limeushikilia kutwa nzima. Nilipokwenda hospitali daktari alitazama picha ya eksirei akaniambia, "Mama, mifupa yako mizuri kabisa, huna ugonjwa. Punguza mawazo." Mwenzangu aliyekaa meza ya pili yake hakupata hata kauli hiyo ya upole. Yeye aliandikiwa katika faili kwamba anasingizia maradhi, na baada ya mwaka mmoja aliachishwa kazi kwa utendaji hafifu. Alikuwa na watoto wanne.

Basi tuanze na hesabu ya kilo. Mkono mmoja wa mtu mzima, tangu begani hadi vidoleni, una uzito wa karibu sehemu 5 katika 100 za uzito wa mwili wake. Mwanamke wa kilo 60 ana mkono wa kilo 3 upande wa kulia na wa kilo 3 upande wa kushoto. Kichwa chake kina kilo nne na ushei, na akikiinamisha mbele juu ya kitambaa, misuli ya shingo ndiyo inayokizuia kisianguke kifuani. Kwa hiyo yule anayeambiwa hainui hata kilo mbili, amezishikilia kilo hizo zote kuanzia saa mbili asubuhi. Mchukuzi wa sokoni, ambaye kazi yake hakuna anayethubutu kuiita nyepesi, akifika kwenye gari huutua mzigo, akanyoosha mgongo, akajifuta jasho, akarudi mikono mitupu. Fundi cherehani mikono yake ataitua wapi?

Msuli unaobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo unaanzia kisogoni, unashuka shingoni, unatandaa juu ya mabega na kuteremka mpaka katikati ya mgongo. Wataalamu wanauita trapeziasi. Vidole ndivyo vinavyoandika na kushona, na sifa zote huenda kwa vidole. Lakini vidole vimeegemea mkono, na mkono umeegemea bega. Msuli huu ni kama mtu anayeshika ngazi wakati fundi yuko juu ya dari. Hakuna anayemwona, hakuna anayemlipa, lakini akiondoka tu fundi yuko chini.

Sasa, msuli si kipande kimoja cha nyama kinachofanya kazi chote kwa pamoja. Ni mafungu mengi ya nyuzi, na kila fungu lina mshipa wake wa fahamu wa kuliamrisha. Mmarekani Elwood Henneman na wenzake walionyesha, katika miaka ya 1950 na 1960, kwamba mafungu haya huitwa kazini kwa utaratibu maalumu. Madogo huitwa kwanza, makubwa huja baadaye nguvu zaidi ikihitajika. Na wakati wa kupumzika makubwa hutangulia kuachwa, madogo yakawa ya mwisho. Utaratibu huo ni mzuri kwa mtu anayetembea, anayelima, anayechota maji, kwa sababu kazi zake zina kupanda na kushuka. Kwa mtu aliyekaa mkao mmoja kutwa ni balaa. Kazi yake inataka sehemu chache tu katika mia za nguvu ya msuli, na sehemu hizo chache daima zinatolewa na nyuzi zile zile ndogo. Nyuzi kubwa zimelala. Ndogo hazina wa kuzipokea zamu.

Mwaka 1991 mtaalamu wa Sweden, Göran Hägg, alizipa nyuzi hizo jina la Cinderella, binti wa kambo wa hadithi za Ulaya, wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala. Sisi hatuna haja ya kuazima binti wa kambo kutoka Ulaya, kwani tunaye punda wetu, yule tuliyesema afe lakini mzigo wa bwana ufike. Hägg alitoa jambo hili kama nadharia, na wataalamu bado wanabishana juu ya hatua zake moja moja. Lakini yaliyoonekana katika misuli ya wafanyakazi kabla na baada yake hayabishaniwi, na ndiyo ninayotaka msomaji ayasikie.

Watafiti, hasa wa nchi za Skandinavia, walichukua vipande vidogo vya nyama, kwa sindano maalumu, kutoka katika mabega ya wanawake wenye maumivu: wafanyakazi wa viwandani, makarani, wanawake wa kusafisha majengo. Wakavitia rangi na kuvitazama kwa hadubini. Ndani ya kila uzi wa msuli kuna vinu vidogo vinavyogeuza chakula na hewa kuwa nguvu; vinaitwa mitokondria. Katika nyuzi nyingine waliona vinu hivyo vimerundikana pembezoni, uzi umechanika kingo na kuiva wekundu chini ya rangi. Katika nyingine waliona mabaka matupu yasiyo na vinu kabisa, na wakazifananisha na nguo iliyoliwa na nondo. Katika nyingine tena waliona uzi umenenepa kupita kiasi, lakini mishipa midogo kabisa ya damu inayouzunguka haikuongezeka kwa kadiri ya unene wake. Uzi mnene wenye damu kidogo ni kama kijiji kilichoongezeka watu lakini kisima ni kile kile kimoja.

Damu yenyewe nayo ina habari yake. Msuli ukijikaza, shinikizo ndani yake hupanda na kubana mishipa midogo ya damu. Ukijikaza na kulegea, ukajikaza tena na kulegea, damu husukumwa na kupita vizuri, na ndiyo maana kutembea kunaburudisha mwili. Lakini ukijikaza kidogo na usilegee, damu inapungua pale pale inapotakiwa, na taka za kazi hazipati wa kuzizoa. Mwaka 2004 watafiti wa Denmark na Sweden walichapisha matokeo ya kipimo kingine. Waliingiza mrija mwembamba kama uzi katika msuli wa bega na kupima maji yaliyo kati ya nyuzi. Katika wanawake wenye maumivu walikuta lakteti nyingi zaidi, yaani taka ya msuli uliofanya kazi kwa hewa pungufu, na pia wingi wa glutameti na serotonini, vitu ambavyo mishipa ya fahamu ya maumivu inavitambua. Huyo ndiye mgonjwa aliyeambiwa hana kitu.

Niliposoma habari hizi, baada ya kustaafu, lililonigusa zaidi lilikuwa somo moja dogo kutoka Norway lililochapishwa mwaka 1993. Watafiti waliwafuata wanawake 30 waliokuwa wapya katika kufunga bidhaa kwenye kiwanda cha chokoleti. Msomaji atazame: chokoleti! Kuna kazi nyepesi kuliko kupanga chokoleti? Kabla mwaka haujaisha, zaidi ya nusu yao walikuwa wagonjwa wa msuli ule ule wa bega. Watafiti hao walipima pia umeme mdogo wa misuli wakati wa kazi, wakatafuta vipindi vifupi sana ambapo msuli unanyamaza, vipindi vya chini hata ya sekunde moja. Waliougua walikuwa na vipindi hivyo vichache kuliko wenzao. Kilichowatenga wagonjwa na wazima kilikuwa zile nukta za kimya, nukta ambazo mtu mwenyewe hazihisi zikija wala zikienda. Haba na haba hujaza kibaba. Na haba ya pumziko ikiondolewa, kibaba nacho hukauka.

Nayajua majibu ya upande wa pili, maana nimeyasikia kwa miaka 35.

La kwanza ni lile la daktari wangu: eksirei haionyeshi kitu. Ni kweli, na itaendelea kutoonyesha. Eksirei ni ya kutazama mifupa. Kumwambia mgonjwa wa msuli kwamba hana ugonjwa kwa kuwa mifupa yake mizuri ni sawa na kumwambia mtu aliyeibiwa kuku kwamba hakuibiwa, kwa sababu mbuzi wote wapo zizini. Simlaumu daktari mwenye foleni ya wagonjwa themanini kwa kutokuwa na hadubini mkononi. Ninachodai ni kwamba abonyeze bega kwa kidole, aulize mgonjwa anafanya kazi gani na kwa saa ngapi, na asikimbilie kusema "huna kitu" pale ambapo kilicho kweli ni kwamba kipimo chake hakifiki huko.

La pili ni hili: mbona fulani anafanya kazi ile ile wala haumwi? Tena wenye hoja hii wanaweza kuongeza, na watakuwa sahihi, kwamba nyuzi zilizoharibika zimeonekana hata katika mabega ya wafanyakazi wasiolalamika. Haya. Si kila anayeumwa na mbu anaugua malaria, na wapo wanaotembea na vijidudu katika damu bila homa, lakini hatujapata kusikia mtu akisimama na kutangaza kwamba mbu hana hatia. Uharibifu katika bega lisilouma bado ni uharibifu. Unatuonyesha kwamba kazi inamgusa hata anayejiona mzima, na kwamba leo yuko upande huu, kesho hajui.

La tatu, na ndilo linaloniudhi kuliko yote, ni kwamba haya ni mawazo tu. Wanaosema hivyo hudhani mawazo yanakaa kichwani peke yake. Majaribio ya maabara yamemweka mtu kitini, mwili umetulia, akapewa maswali ya kumhangaisha akili; na msuli wa bega ukajikaza ingawa mkono haukuinua kitu. Basi msimamizi anayepita nyuma ya wafanyakazi akifoka, akihesabu vipande na kutishia mkataba, huyo anawabebesha mzigo mabegani kwa maana halisi ya neno. Mwitaliano Bernardino Ramazzini, katika kitabu chake cha magonjwa ya wafanya kazi kilichotoka mwaka 1700 na kuongezwa mwaka 1713, aliwataja waandishi na makarani, akaeleza mambo matatu yanayowaumiza: kukaa bila kuondoka, mkono kurudia mwendo ule ule, na akili kukazwa isikosee. Imepita miaka zaidi ya 300. Aliyekuwa na kalamu ya unyoya aliaminiwa na daktari wake. Mwenye kompyuta anaambiwa apunguze mawazo.

La nne husemwa kwa kunong'ona: haya ni maradhi ya wanawake. Ni kweli kwamba wengi waliopimwa ni wanawake. Lakini hebu tujiulize ni nani aliyepangwa kwenye mstari wa kushona, kufunga, kuchapa na kusafisha. Katika viwanda vya nguo za kuuza nje, kama vile vya Athi River huko Kenya au Mabibo hapa Dar es Salaam, safu zile za cherehani zimejaa wanawake vijana. Na kengele ya kutoka ikilia hawaendi kupumzika. Wanakwenda kufua, kupika, kuchota maji na kumbeba mtoto. Mwanamume akifika nyumbani ametua mzigo wa siku. Mwanamke anabadilisha kanga tu, bega ni lile lile.

Tukiingia katika sheria tunakuta pengo lile lile. Tanzania ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayoweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku, na kumpa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo pumziko la dakika 60. Ni sheria njema na siibezi. Lakini pumziko hilo limepimwa kwa njaa ya tumbo. Saa tano kwa tumbo ni muda wa kuvumilika. Kwa uzi mdogo wa msuli ambao haujalegea tangu asubuhi, saa tano ni umilele. Shirika la Kazi Duniani nalo lina orodha ya magonjwa yatokanayo na kazi, iliyorekebishwa mwaka 2010. Imetaja kwa majina maradhi ya kifundo cha mkono, ya kiwiko na ya goti. Shingo na bega havikutajwa kwa jina. Vimeachwa katika kifungu cha mwisho cha "mengineyo", ambapo lazima uhusiano wa moja kwa moja kati ya kazi na maradhi uthibitishwe. Sisi tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi mwaka 2015. Lakini mshona mashati atathibitisha nini mbele ya mfuko wowote, ikiwa cheti alichopewa hospitali kimeandikwa kwamba hana kitu? Ndiyo maana nasema kauli ya daktari si jambo dogo. Inafunga mlango wa fidia kabla mgonjwa hajaufikia.

Na wale ambao hawana mwajiri kabisa, mafundi wa barazani na wasusi wa uani, sheria haiwafikii hata hiyo ya dakika 60. Mwajiri wao ni sisi. Ni sisi tunaopeleka kitambaa siku tatu kabla ya Idi na kutaka kivaliwe Idi. Ni sisi tunaokwenda kusukwa nywele nyembamba kama sindano, tukaondoka usiku wa manane tukilalamikia bei. Fundi wa kulipwa kwa kipande akipumzika dakika tano amekula fedha yake mwenyewe, basi hapumziki. Anakwenda duka la dawa kununua vidonge vya kutuliza maumivu, leo viwili, kesho viwili, mwezi mzima. Vidonge vya jamii ya diklofenaki vikimezwa hivyo huleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Na mbaya kuliko hayo, vinamnyamazisha punda ili aendelee kubebeshwa.

Watauliza, sasa unataka nini? Kazi isimame? La hasha. Nataka kazi ipumue. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapa makarani wa kuingiza taarifa kwenye kompyuta dakika 5 za ziada katika kila saa ambayo haikuwa na pumziko lingine, jumla dakika 20 kwa siku. Maumivu na uchovu wa macho vilipungua. Kazi iliyofanyika haikupungua. Naomba mwenye kiwanda aisome sentensi hiyo mara mbili, maana hoja yake pekee iliyobaki ilikuwa hiyo ya hasara.

Kiti kizuri nakitaka pia, na meza ya kimo kinachofaa, ili mkono uwe na pa kuegemea. Lakini nawaonya wale wanaonunua viti vya fahari na kudhani wamemaliza. Mtu aliyeketi vizuri kwa saa tano bila kujongea bado nyuzi zake ndogo ziko kazini. Kiti hakipumzishi msuli. Kinachopumzisha ni kubadilisha kazi na mkao. Aliyeshona mikono ya shati kwa saa moja apelekwe kukata nyuzi au kupanga vipande kwa saa inayofuata. Aliyechapa aende kupeleka faili kwa miguu yake, asiletewe tarishi.

Kuna na tiba, tena si ya gharama. Watafiti wa Denmark walionyesha mwaka 2008 kwamba wanawake wenye maumivu haya, waliofundishwa mazoezi ya kuitia nguvu misuli ya shingo na mabega kwa majuma kumi, walipata nafuu kubwa, kuliko wale waliofanya mazoezi ya kuendesha baiskeli. Mwaka 2011 walionyesha kwamba hata dakika mbili kwa siku za kuvuta mpira wa kunyumbuka zilisaidia. Mpira wa ndani wa baiskeli, ukikatwa, nao unavutika. Lakini naliandika hili kwa tahadhari, kwa kuwa najua litakavyogeuzwa. Kesho utasikia mwajiri akisema: kumbe dawa ni mazoezi, basi anayeumwa ni mzembe wa mazoezi. Hapana. Mazoezi yanamwimarisha punda, hayahalalishi kumkatalia malisho. Dakika hizo mbili zitoke katika saa za kazi, zilipwe kama kazi, na zije juu ya pumziko wala si badala yake.

Kwa hiyo madai yangu ni manne, na ni mepesi kweli kuliko kazi inayoitwa nyepesi. Mapumziko mafupi ya kila saa yaandikwe katika mikataba ya hiari na kanuni za usalama kazini, kwa kazi zote za kukaa au kusimama mkao mmoja. Shingo na bega vitajwe kwa majina katika orodha za maradhi ya kazi, visifichwe katika mengineyo. Daktari amwulize kila mgonjwa wa shingo anafanya kazi gani, na jibu aliandike katika cheti. Na sisi wateja tupeleke vitambaa vyetu mapema.

Najua mabadiliko haya hayatawarudishia wote walichopoteza. Mwenzangu wa meza ya pili hatarudishiwa kazi yake, wala faili lake halitafutwa maneno yale. Lakini wapo wasichana wa miaka ishirini walioketi mbele ya cherehani na kompyuta asubuhi ya leo, mabega yao bado mazima, na hakuna aliyekwisha kuwaambia kwamba wanasingizia. Hao bado tunaweza kuwawahi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, utakapomsikia tena mtu akisema "kazi nyepesi", usibishane naye kwa maneno. Mwambie anyooshe mikono yake miwili mbele, mitupu, bila kushika kitu, na aishikilie hivyo hivyo. Kisha umtazame usoni ikifika dakika ya tano.